Luni Huitika Mara Mbili

Mzee Kiza alikuwa mkusanyaji wa visu asiyekuwa na kisu hata kimoja, na mtaa wote wa Mwanga ulilijua hilo.

Kila Jumapili, watu wakishatoka misa, alikuja kwa miguu kutoka Ujiji, akaingia kwa Pastory kwa mlango wa uani, akakaa kwenye benchi katikati ya majora ya vitambaa na suruali zinazosubiri kupunguzwa. Pastory alikuwa fundi cherehani, mtu wa Simbo, mnene, mcheshi, mwenye visu kumi na vinane ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mwenzake Theophil alikuwa Mhaya aliyeletwa Kigoma kutunza ghala la shirika moja la misaada. Yeye alikuwa na visu ishirini na sita, na daftari la kuandika kila kimoja kilitoka kwa nani. Wote watatu waliugua ugonjwa mmoja: visu vya kukunja vya Kimarekani.

Ugonjwa huo uliletwa na miaka ya wakimbizi. Tangu Warundi walipoanza kumiminika mwaka tisini na tatu, na Wazaire kuvuka ziwa mwaka tisini na sita, Kigoma ilijaa wageni wa magari meupe, na mgeni hakosi kisu mfukoni. Mmoja alikidondosha botini, mwingine akamwachia dereva wake siku ya kuagana, wa tatu akabadilishana na kitenge. Visu vikatambaa mjini kama kunguni. Na katika vyote, vilivyopendwa kuliko vingine ni vile vilivyochapwa jina la fundi wao wa zamani, Hobart Lunn, pale bapa linapoingia kwenye mpini. Watu walikata maneno, wakaviita Luni.

Kiza aliwahi kuwa na Luni, tena kabla ya hao wote. Alipewa mwaka sabini na moja na mmisionari mmoja ambaye yeye Kiza alimzibia boti pale Kibirizi, maana kazi yake ilikuwa hiyo, kuziba na kuunda mitumbwi. Alikaa nayo miaka ishirini na mitano. Sasa haipo, na alikuja kwa Pastory Jumapili hadi Jumapili kwa sababu ya swali moja tu, ambalo bado hakuwa amethubutu kulitoa mdomoni.

Swali lenyewe ni hili: Luni iliyofungwa, ikalazwa mahali, bila kuguswa na mtu, inaweza kufunguka yenyewe? Kama inaweza, basi hakuna neno. Kama haiwezi, basi mkewe Mwanvua alizikwa akiwa hai.

"Mwakeye, Mzee Kiza," Pastory alimsalimu Jumapili hiyo, mdomo umebana pini. "Umekuja na mkusanyo wako wote? Weka mezani, nafasi ipo."

"Nimewaachia wakubwa waulinde," Kiza alijibu. "Si ndio wanaotulindia kila kitu?"

"Basi hutauona tena."

"Nimeshazoea."

Theophil aliingia na mfuko wa karatasi ngumu amekumbatia kama mtoto mchanga. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona leo unanukia kama duka jipya?"

"Bosi wangu karudi likizo kwao." Theophil alitandaza kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia nguo, akapanga vikasha vitatu, na kando yake akaweka kijitabu chenye picha zinazong'aa. "Toleo jipya la Luni. Limetoka mwaka huu huu wa tisini na nane. Viko vitano kwa jumla, mimi nimeletewa vitatu. Sasa naomba mtu asiguse, nifungue mwenyewe."

Pastory alitema pini zote kwenye kiganja.

Walikuwa na desturi yao. Kisu hakitoki mkono kuingia mkono. Unakilaza kwenye kitambaa, unaondoa mkono wako kabisa, ndipo mwenzako akiokote. Pastory alisema kupokezana kisu ni kupokezana ugomvi. Theophil alisema huo ni ushamba, lakini hata yeye alikilaza.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa plastiki ya njano. Cha pili mpini wa mti. Cha tatu mpini wa mfupa wa ng'ombe, umechongwachongwa vishimo na kutiwa rangi ya kijani, kama jani la mgomba lililoanza kukauka.

"Hiki cha njano kinahusu nini?" Pastory aliuliza.

"Cha wavuvi. Kikianguka kwenye majani unakiona."

"Kikianguka ziwani?"

"Ziwani unakiombea dua."

"Na hiki cha mti hakina hata harufu ya chuma. Kimepakwa nini?"

"Hakijapakwa. Ni chuma kisichopata kutu."

Pastory alikirudisha kwenye kitambaa kama mtu aliyeshika chura. "Kisipate kutu! Sasa mimi nitakipaka mafuta kwa sababu gani? Kisu usichokihudumia kitakujuaje?"

"Ndiyo dunia inakokwenda, fundi."

"Iende. Mimi nashukia hapa."

Theophil alicheka, akafungua kijitabu. Mhaya akishika karatasi ya Kiingereza hukaa wima, na yeye alikaa wima. Akawa anasoma kimoyomoyo, halafu anatoa Kiswahili chake kipande kipande. "Wanasema hivi. Kwa miaka ishirini tumesikia malalamiko yenu, wateja wetu wapendwa. Mlisema springi zetu zimelegea. Mlisema Luni ya sasa si Luni ya baba zenu. Tumesikia. Katika toleo hili tumerudisha springi ileile ya zamani, unene uleule, mkazo uleule..."

"Nani alizilegeza?" Kiza alidakia.

"Wenyewe kampuni, Mzee. Walitaka kupunguza gharama."

"Halafu leo wanauza kukaza?"

"Ndiyo biashara."

"Ndivyo walivyo hao wanaokaa juu. Wanachukua kitu chako kizima, wanakukalisha nacho kibovu mpaka usahau, halafu wanakuletea kilekile na tarumbeta. Na sisi tunapiga makofi." Kiza alitema mate nje ya dirisha. "Kumbe hata Marekani wako."

"Wako kila mahali," Pastory alisema. "Haya Theo, hayo ya karatasini yaache. Tusikie kama kinaitika."

Hilo lilikuwa neno lao. Kisu kizuri kwao hakikuwa kikali wala chenye sura ya kupendeza, kilikuwa kinachoitika. Bapa la Luni ya kweli likivutwa kwa ukucha halifunguki moja kwa moja. Linafika katikati, linasimama wima, springi inalikamata na kusema tak. Hapo wao walipaita kituo. Ukilisukuma tena linatoka kituoni, linanyooka, na springi inasema tak ya pili. Luni zilizolegea zilifunguka kimya, kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Theophil alichukua kile cha mfupa wa kijani, akaingiza ukucha, akakunja uso.

Tak.

Akapumzika, akanyonya kidole, akasukuma.

Tak.

"Mama yangu!" Pastory alipiga kelele. "Kimeitika! Hiki ni kile kile cha wazee!"

Kiza hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa benchi, na ubaridi ulianzia vidoleni ukapanda hadi kwenye viwiko, saa tano asubuhi, bati la duka linalia kwa jua. Mwaka na nusu alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa masikio. Alikuwa akiisikia kwingine.

Siku ile ya Desemba, mwaka tisini na sita, Mwanvua alianza kuharisha alfajiri. Kufika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani. Kiza alimpakia kwenye mkokoteni, akamsukuma hadi kwenye mahema ya kipindupindu. Mahema yalikuwa yamejaa, watu wamelala hadi kwenye nyasi, wa huku na wa ng'ambo, kilio cha Kibembe kinaingia ndani ya kilio cha Kiha. Mkimbizi hakuwa na kosa; Kiza alilisema hilo kwa kila mtu. Mkimbizi alikuja na mkeka wake na mtoto mgongoni. Kosa lilikuwa la waliokaa mezani, waliojua mwezi mzima kwamba watu wanakuja na wasichimbe hata choo kimoja. Mmoja wa hao, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alimtazama Mwanvua akiwa hatua sita mbali, leso puani. Hakumshika hata mkono. "Huyu tayari," alisema, akaandika. Karatasi ikasema amekufa, asioshwe, azikwe kabla ya alasiri, gari la dawa litafuata nyumbani.

Kiza akarudi Ujiji na maiti ya karatasi.

Alimlaza kitandani. Akamfunga kidevu kwa mtandio wake mwenyewe, akamfunga vidole gumba vya miguu kwa uzi, akamfunika uso, kama alivyoona wazee wakifanya. Baada ya hapo panatakiwa chuma juu ya tumbo, tumbo lisivimbe. Visu vya jikoni na panga vilikuwa vimechukuliwa jana yake na watu wa dawa waliopita kila nyumba, vimetumbukizwa kwenye pipa la klorini. Kilichobaki ni Luni mfukoni. Akaiweka juu ya shuka ikiwa imefungwa, isije ikachana nguo, akatoka, akakaa kizingitini, pazia mgongoni mwake.

Nyumba ilikuwa kimya. Na kwa mazoea tu, kama mtu anayemuuliza mkewe chumvi iko wapi, akaita, "Mwanvua."

Ndani ikaitika: tak.

Alidhani ni bati. Akakaa kitambo, kama cha kumaliza kikombe cha kahawa. Halafu akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Mwanvua."

Tak.

Hakuita mara ya tatu. Alifunua pazia, akaona Luni iko palepale juu ya tumbo, wazi, bapa limenyooka limeelekea mlangoni. Chumbani hapakuwa na mtu. Uso ulikuwa umefunikwa, na hakuufunua. Alikimbia nje kwa bwana afya, aliyekuwa amekaa kwenye gari la dawa lililokwisha kufika, akamwambia, "Bwana, kisu kimefunguka." Bwana afya akasema, "Kisu gani? Weka dole hapa." Akaweka dole. Saa tisa Mwanvua alikuwa chini ya udongo na chokaa, na Luni pamoja naye, ndani ya nailoni aliyofungiwa.

"Mzee Kiza," Theophil alikuwa anasema, "umepotelea wapi? Chukua basi, jaribu."

Kisu kilikuwa kimelazwa mbele yake, kimefungwa. Hakukigusa. Akakohoa.

"Hicho," alisema, "kinaweza kufunguka chenyewe?"

Wakamtazama, kisha wakaangua kicheko.

"Chenyewe!" Theophil alionyesha kidole chake. "Mimi mwenyewe kidogo kining'oe ukucha!"

"Nauliza. Kikilazwa mahali. Joto, au kitu kilicho chini yake kikivimba."

"Kama nini, mkate?"

"Kama tumbo," Kiza alisema.

Pastory alilipenda hilo. "Tumbo ninalo!" Akasogeza majora, akapanda juu ya meza ya kukatia, akalala chali, shati akalipandisha hadi kifuani. Meza ikalia. "Weka hapa, Theo. Tupime kama watu wenye elimu. Na nikifa mnizike na cherehani yangu, msimpe shemeji."

Theophil aliilaza Luni juu ya kitovu cha Pastory. Pastory akavuta pumzi, tumbo likapanda kama mashua inayobebwa na wimbi, akashusha, likashuka. Kisu kikaenda nalo juu na chini, kimefungwa. Akajivimbisha mpaka macho yakamtoka. Akajitikisa. Akakohoa. Theophil akakinyanyua, akakipigapiga kwenye kiganja, akakitupa kitambaani mara tatu. Hakikufunguka hata upana wa unywele.

"Na kikiwa kituoni?" Theophil sasa alikuwa amenogewa. Alikifungua nusu, tak, akakirudisha tumboni bapa likiwa limesimama wima. "Vuta pumzi, fundi. Vuta tena. Unaona? Hata hapa hakiendi. Kituo ni kituo. Lazima usukume."

"Nimechoka kuwa meza," Pastory alisema. "Sasa nakufa." Akafumba macho, akaachia mikono ining'inie pembeni, akazuia pumzi.

Tumbo lilisimama. Bapa lilisimama. Nje mtu alipita na redio, sauti ikaja, ikaondoka. Kiza alitazama lile tumbo lisilopanda wala kushuka, na juu yake chuma kinachong'aa, na mdomo wa Pastory ulioachama kidogo, na alipotazama aliona shuka ambalo halikuwepo.

"Pumua!" alipiga kelele. "Pumua wewe! Pumua!"

Pastory aliinuka kwa mshtuko, kisu kikaruka kikaanguka chini ya cherehani. Hakuna aliyekwenda kukiokota. Theophil alifunga kijitabu chake polepole.

"Mzee wangu," alisema, "kuna nini?"

Akawaambia. Hakuwa mtu wa kusimulia. Alisema maneno machache, akitazama sakafu. Mahema, karatasi, Luni, pazia. Alivyoita, na ilivyoitika. Alipomaliza, Pastory alikuwa amevaa shati vizuri na kufunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Mara mbili?" Theophil aliuliza.

"Mara mbili."

"Na uliiweka imefungwa, una hakika."

"Kama ninavyojua jina langu."

Theophil alifikiri. Hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa mtunza ghala, na kitu kikitoka mahali lazima awepo aliyekitoa. "Basi ni mkono, Mzee. Sitakudanganya. Luni ya springi ile haifunguki ila kwa mkono wa mtu."

"Ndivyo nilivyoogopa."

"Subiri kwanza," Pastory alisema haraka. "Mkono wa mtu, sawa. Mtu gani? Chumba chako si kina mlango wa uani? Wewe ulikuwa umekaa wa mbele. Wale watu wa dawa walikuwa wameshafika, gari lipo nje. Nani alipita nyuma?"

Kiza aliinua kichwa. Mwaka na nusu alikuwa ameutazama mlango mmoja tu.

"Walikuwa na wanawake wa kunyunyiza," alisema. "Wamefunikwa nyuso. Mmoja namjua. Ni Shadia, wa Rusimbi."

"Na hujamuuliza?"

"Nimuulize! Aliyemnyunyizia mke wangu dawa kama mende! Nikimwona njiani nabadilisha njia."

"Leo usibadilishe," Pastory alisema.

Kiza aliondoka bila kuaga. Kutoka Mwanga hadi Rusimbi si mbali, lakini kila hatua aliona mambo mawili yanabadilishana mbele yake. Akiwa ni Shadia aliyefungua, Mwanvua alikuwa maiti kweli, na yule kijana wa kalamu tatu alikuwa ameandika ukweli bila kujua. Asipokuwa yeye, basi kila dakika tangu lile pazia ilikuwa ya Mwanvua anayesubiri kuitwa mara ya tatu. Mguu mmoja ulitaka hili, mguu mwingine ukaliogopa.

Shadia alikuwa kando ya barabara, chini ya turubai la bluu lenye nembo ya msaada iliyofifia, anakaanga migebuka. Alikuwa amesoma madrasa moja na Mwanvua. Alipomwona Kiza anamjia moja kwa moja, kijiko cha matundu kilisimama hewani.

"Shemeji," alisema. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukuuliza neno. Siku ile kwangu. Uliingia kwa mlango wa uani?"

Shadia hakuuliza siku ipi. Aliwasogeza samaki pembeni ya karai, akafuta mikono kwenye kanga. "Niliingia."

"Mimi nikiwa mbele?"

"Ukiwa mbele. Nilikuwa na bomba la dawa mgongoni. Walitwambia ni marufuku kusema na wafiwa, atakayesema arudi kwao. Nikakusikia unamwita. Shemeji, roho iliniuma. Nilikaza meno nisikujibu. Niliona vidole vya miguu vimefungwa uzi, na wao walitaka uzi utoke ndipo wamtie kwenye nailoni. Nikaichukua ile Luni yako, nikavuta..."

"Ikasema tak," Kiza alisema.

"Ikasema tak."

Mzee Kiza alicheka. Kicheko kilimtoka kama kitu kilichokwama kooni mwaka na nusu, kikamkohoza, kikamtoa machozi. Alipiga paja. "Ni wewe! Ewe Shadia! Ni wewe mwanamke! Unajua umenilaza macho masiku mangapi?"

"Hukuja kuniuliza!" Na yeye akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Unabadilisha njia kama umeona nyoka!"

"Ni wewe! Mimi nimekaa nadhani, nadhani..." Hakumaliza. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, anajifuta macho kwa kofia. "Kumbe ulikata uzi tu."

"Wala sikuukata. Kilinishinda. Glavu zile za mpira zinateleza. Kilisimama nusu, wima hivi, hakitaki kwenda wala kurudi, na dereva anapiga honi, kuna mwingine nyumba ya tatu. Nikakirudisha tumboni vilevile, nikatoka mbio. Niliporudi na wenzangu nikakikuta kimefunguka chote. Nikajua umeingia ukamalizia."

Mafuta yalichemka kwenye karai. Kiza alikuwa bado ameshika kofia machoni.

Honi aliikumbuka. Ndefu, halafu fupi mbili. Aliisikia akiwa amekaa pale kizingitini, katika kile kitambo cha kikombe cha kahawa. Honi ilipokwisha, Shadia ameshatoka mbio, ndipo alipoita mara ya pili.

"Ulikifungua chote," alisema kutoka nyuma ya kofia.

"Hapana, shemeji, nimekwambia kilisimama..."

"Ulikifungua chote, Shadia."

"Kilinishinda, nakuapia. Nilikiacha nusu."

"Ulikiacha wazi." Alishusha kofia. Uso wake ulikuwa umebadilika, si wa kicheko tena. Shadia hakuwahi kuuona uso huo kwa mtu aliye hai. "Ulivuta mara ya kwanza, ikasema. Ukavuta mara ya pili, ikasema. Halafu ukatoka. Ndivyo ilivyokuwa. Sema."

Shadia alimtazama. Polepole aliona kile alichoulizwa, na kile ambacho jibu lake la kweli lilikuwa limekifungua. Aligeuka kuangalia barabara, kama kuna mtu angemsaidia. Palikuwa na mbuzi wawili na jua.

"Haya," alisema. "Nilikifungua chote."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na ulimfunua uso."

"Nilimfunua, shemeji."

"Alikuwa amekufa."

"Alikuwa amekufa kabisa. Baridi."

Kiza aliitikia kwa kichwa. Alijua anadanganywa, alijua na yeye ndiye anayemfundisha la kusema, na kila neno lilimwingia kama uji mgonjwa anavyonyweshwa kwa kijiko. Watu aliowachukia kuliko wote duniani walikuwa ni wale wanaothibitisha kitu ambacho hawakukiona. Alisogeza kigoda karibu na jiko.

"Sema tena," alimwambia. "Anza pale ulipoingia."

Wanawake wawili waliokuja kununua samaki walikuta Shadia anasema, macho yakiwa chini, na mzee amekaa mbele yake ametega sikio kama mtu anayesomewa barua, na migebuka inaungua karaini bila mtu wa kuigeuza.